Dogo anataka kwenda kucheza nje? Msome Mané kwanza

Aisee niwaambie hii mapema maana mimi nimeshaliwa, milioni moja na laki nane, kisa mdogo wangu. Jamaa alijiita wakala, akatuletea barua ya mwaliko wa majaribio kwenye klabu ya Ulaya, nembo imepinda, imeili yenyewe ya Gmail, na mimi na utu uzima wangu nikaisoma nikaona iko fresh tu. Nikatuma hela kwa simu mara tatu, ya viza, ya bima, ile ya mwisho hata sikumbuki ilikuwa ya nini.

Dogo alikuwa na miaka 16. Hapo tu ningeshtuka, FIFA hawaruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kusajiliwa nchi nyingine, labda kwa sababu chache kama wazazi wamehamia huko kwa mambo yao yasiyo ya mpira.

Sasa mcheki Sadio Mané, yule nyota wa soka wa Senegal. Katokea Bambali huko kusini mwa Senegal, akatoroka home kwenda Dakar kutafuta mpira, wakamrudisha, ikabidi amalize kwanza mwaka wa shule. Kwenye majaribio mzee mmoja akamuuliza utachezaje na viatu hivyo, maana vilikuwa vimechanika. Akachukuliwa na Génération Foot, akademi yenye ushirika na Metz ya Ufaransa, yaani njia ilishachongwa kabla yake. Kaenda Metz 2011 ana miaka 19, na hakukuwa na maajabu, msimu ule Metz wakashuka mpaka daraja la tatu! Ndo ikaja Salzburg ya Austria 2012, kisha England, Southampton 2014, Liverpool 2016. Papiss Cissé, Ismaïla Sarr na Pape Matar Sarr nao walipita mlango huohuo wa Génération Foot kwenda Metz.

Kwa hiyo usiulize "anampeleka nchi gani", uliza timu ya dogo ina uhusiano na nani huko. Wakala mwambie akutajie jina lake la kwenye leseni, FIFA wana orodha mtandaoni, litafute palepale mmekaa naye, akinuna anune. Wakala wa kweli anakula kamisheni dili likitiki, sasa huyu anayetaka ya kwako kabla dogo hajagusa mpira anakula ya nini?

Wa kwangu namba yake bado ninayo. Juzi nimeona kabadilisha picha WhatsApp, kavaa jezi ya Senegal.