Uvimbe wa mafuta kwa kasuku: mizani kwanza, bakuli baadaye

Pulizia manyoya ya kidari cha kasuku wako yatengane. Ukiona kinundu laini cha manjano chini ya ngozi, kinachosogea ukikigusa, huenda ni uvimbe wa mafuta. Huenda, narudia. Jipu, ngiri na hata saratani vinaweza kufanana nao, kwa hiyo daktari wa ndege auchunguze kwa sindano kabla hujabadilisha chochote. Bajarigari, kasuku wa Amazoni na kokatuu ndio wanaopata zaidi.

Chanzo cha kawaida ni mbegu nyingi na kukaa tu. Karibu nusu ya kiini cha alizeti ni mafuta, na karanga hazipishani nacho sana. Ila usimwondolee mbegu ghafla, tafadhali. Kasuku mnene akikaa na njaa, mafuta hukimbilia kwenye ini na anaweza kufa.

Nunua mizani inayosoma gramu moja moja. Mpime kila asubuhi kabla hajala, uandike. Bajarigari wa gramu 40 akipoteza gramu 4, hiyo tayari ni asilimia 10: mrudishie chakula alichozoea na umpigie daktari siku hiyohiyo.

Anza na robo ya peleti (punje za chakula cha ndege zinazotengenezwa kiwandani) na robo tatu za mbegu. Uzito ukitulia, ongeza peleti kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, hadi ziwe sehemu kubwa ya mlo; zinazobaki ziwe mboga za majani, karoti na pilipili hoho, na mbegu ziwe zawadi tu. Parachichi kamwe, ni sumu kwake. Hapa ndipo wengi hudanganyika: bakuli linaonekana limejaa kumbe ni maganda matupu, au peleti zimesagwa unga bila kumezwa. Angalia kinyesi. Kikipungua, kikawa kidogo na cha kijani kilichokolea, ndege hali chakula.

Mazoezi yaende taratibu pia. Weka bakuli la chakula mbali na la maji, juu na chini, ili apande na kushuka. Funga vipande vya mboga ndani ya karatasi safi avitafute mwenyewe. Anayeweza kuruka aruke chumbani, madirisha yamefungwa na feni imezimwa, dakika chache mara mbili kwa siku. Akihema mdomo wazi na mkia ukipiga juu na chini, mwache apumzike.

Uvimbe hupungua kwa miezi, si kwa siku, na mwingine hauishi kabisa. Ulio kidarini husuguana na kijiti anapolala. Ngozi ikichubuka au kutoa damu, mazungumzo ya upasuaji yaanze. Hata hapo kazi ya mizani haijapotea, kwani ndege aliyepungua huhimili dawa ya usingizi vizuri kuliko aliye mnene.