Kwa mdogo wangu unayeanza kutengeneza kadi za karatasi ya kung'aa

Naanza na gundi, maana hapo ndipo wengi huharibikiwa, na mimi pia.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii hapa Lamu nilipata oda ya kadi 40 za mwaliko wa harusi. Nilikata karatasi ya fedha, ile unayojiona uso kama kwenye kioo, nikaibandika juu ya manila kwa gundi nyeupe ya shuleni. Jioni ile zilipendeza sana. Lakini ulikuwa mwezi wa Mei, mvua haikatiki na nyumba nzima ina unyevu. Siku ya tatu mamake bi harusi akaja nazo mkononi, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona kadi zafunua midomo?" Pembe zote zilikuwa zimejikunja kwenda juu. Nilizirudia usiku kucha, moja baada ya moja, na hasara ya karatasi ikawa yangu.

Nilikuja kuelewa baadaye. Karatasi hii ni vitu viwili vilivyogandana: mgongo wake ni karatasi ya kawaida, uso wake ni plastiki nyembamba yenye utando wa alumini. Karatasi ikinywa maji hutanuka, plastiki haitanuki. Mgongo ukitanuka na uso ukabaki vilevile, lazima kitu chote kipinde kuelekea usoni. Maji hayo yaweza kutoka kwenye gundi, au kwenye hewa yetu hii ya bahari. Kwa hivyo tumia selotepu ya pande mbili, uipitishe ukingoni kote mpaka kwenye pembe, usiweke vipande viwili katikati ukadhani vyatosha. Gundi ile kali ya kukausha papo hapo usiisogeze karibu: mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya uso, nao hautoki.

Usitengeneze kadi nzima kwa karatasi ya kung'aa. Ukiikunja, uso hupasuka kwenye mkunjo na weupe wa ndani hutokeza. Mwili wa kadi uwe manila ngumu. Karatasi moja ya A4 ukiikata nusu wapata kadi mbili. Kila nusu ukiikunja yatoka kadi ya milimita 105 kwa 148, nayo yaingia vizuri katika bahasha ya C6. Kabla ya kukunja, weka rula, upitishe kalamu ya biro iliyokwisha wino ili ifanye mfereji. Mkunjo utakuwa umenyooka.

Kung'aa ni kwa kiasi. Ukanda wa upana wa sentimita moja, wenye urefu wa kadi, watosha kabisa, na A4 moja itakupa kanda 42. Kadi ninayoipenda kuliko zote ni ya jahazi: mwili wa manila nyeusi, tanga la karatasi nyeupe isiyong'aa, na kwenye omo, yaani mbele ya jahazi, duara moja dogo la fedha, lile jicho la jahazi. Ukiishika kadi na kuigeuza kidogo, jicho hushika mwanga kisha huzimika. Lingeng'aa na tanga pia, jicho lisingeonekana.

Kisha mchanga. Mji wetu una mchanga kila mahali, kwenye viatu, kwenye mikeka, unaingia na upepo wa kusi. Chembe moja chini ya karatasi yatosha kuchora mstari usiofutika. Panguza meza kila unapobadilisha kipande. Pima na uchore mgongoni, ukate kwa wembe mpya. Wembe butu hurarua uso na kuacha ukingo mweupe. Kama karatasi imekuja na ngozi ya plastiki ya kuikinga, usiibandue mpaka mwisho.

Vidole navyo huacha alama, hasa ukiwa umetoka kupaka mafuta nywele. Nawa mikono, ukaushe, ushike ukingoni tu. Alama ikitokea, ifute taratibu kwa kipande cha leso ya pamba iliyofuliwa mara nyingi mpaka ikalainika, kikavu. Wino wa kalamu za kawaida haukauki juu ya uso huu, hutapakaa. Jina au "Idd Mubarak" andika kwenye kipande cha karatasi isiyong'aa, kisha ukibandike juu.

Zihifadhi zikiwa zimelala, karatasi kavu kati ya kadi na kadi, ndani ya mkebe wa plastiki wenye kifuniko. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, vitie humo. Picha za kuwatumia wateja zipige kivulini, pale dakani kwenye baraza ya mlangoni, simu ikiwa ubavuni kidogo. Ukisimama mbele kabisa utajipiga wewe.

Na kabla ya kupokea oda ya Maulidi au ya harusi kwa karatasi mpya uliyoinunua, tengeneza kadi moja tu, uiache wazi dirishani usiku mmoja. Asubuhi itazame pembe zake. Kama hata moja imeinuka, karatasi hiyo tumia kwa maduara madogo tu, ya makubwa tafuta nyingine.