Laki nane usiipeleke kwenye kamera

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Kibaigwa. Nimepata nafasi ya kusoma cheti cha utayarishaji wa maudhui ya kidijitali, yaani video, sauti na picha. Ni mwaka mmoja, chuo kiko Uingereza na masomo yote ni ya mtandaoni. Tunaanza mwisho wa Septemba. Nina kompyuta mpakato ya mtumba, Core i5 kizazi cha sita, RAM GB 4, hadidiski GB 500, na simu ya Android inayopiga video vizuri tu. Kaka yangu ameahidi kunipa laki nane ninunue kamera. Ninunue ipi? Na kabla ya kuanza niwe nimeshajua programu zipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Kamera usinunue. Mwombe kaka yako akuachie hela hiyo hiyo, ila ibadilishiwe matumizi.

Mimi nimesoma kozi ya namna hiyo nikiwa hapa hapa Dodoma, chumba cha kupanga Nkuhungu, huku mchana nikipiga harusi na semina. Sikumbuki mwenzetu aliyeshushiwa maksi kwa sababu ya kamera. Tulikwama kwenye mashine zinazoganda, sauti zisizosikika, na kazi ambazo hazikumfikia mwalimu kwa wakati. Simu yako ikipiga 1080p inakutosha mwaka mzima.

Hela ianzie kwenye mashine. Kwa RAM ya GB 4, Windows pekee inakula karibu nusu kabla hujafungua chochote. Ukifungua programu ya kuhariri, kinachobaki hakitoshi, basi kompyuta inaanza kuazima nafasi kwenye hadidiski, na hadidiski ya kuzunguka ni konokono. Utabonyeza kucheza, picha itakwenda sekunde mbili na kusimama, sauti itaendelea peke yake. Wengi hapo hudhani hawana kipaji. Weka RAM GB 16, na badala ya hadidiski weka SSD, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani na yenye kasi zaidi.

Kuna mtego hapo. Kizazi cha sita kilikaa mpakani: mashine nyingine zinatumia RAM ya DDR3L, nyingine DDR4, na moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Usimwendee muuzaji na maneno "nataka RAM ya laptop". Pakua CPU-Z, ni ya bure. Ukurasa wake wa Memory utakuonyesha aina, ule wa SPD utakuonyesha kipande kilichomo na kiko nafasi ya ngapi. Na hadidiski yako ya zamani usimwachie fundi hata akikwambia haina kazi. Nunua kasha la USB la kuivalisha, itakuwa ghala lako la kazi zilizokwisha. Akiwa ameifungua mashine, mwambie asafishe na feni. Vumbi letu hili jekundu likishaziba njia ya hewa, kompyuta hupata joto, na ikipata joto hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Hapo hata RAM GB 16 haitakuokoa.

Kuhusu programu, waandikie chuo kwanza uwaulize mambo mawili: wanalazimisha programu gani, na je, leseni imo ndani ya ada? Kama wanatumia za Adobe, hizo hulipiwa kwa mwezi au mwaka, na matoleo mapya hayazipendi mashine za umri wa hiyo yako. Ni bora ulijue hilo sasa kuliko wiki ya pili ya masomo. Kama wanakuachia uhuru, anza na Shotcut au Kdenlive kwa video na Audacity kwa sauti. Zote ni za bure na hazina makuu. Utasikia watu wakiisifia DaVinci Resolve, na sifa hizo ni za haki, toleo lake la bure lina mambo mengi mno, lakini inategemea sana kadi ya picha, na wewe kadi ya maana huna. Za kukraki ziache. Nyingi huja na wageni wasiokaribishwa, na siku chuo kikitaka faili la mradi wenyewe utaumbuka.

Jifunze neno moja mapema: proksi. Programu inatengeneza nakala nyepesi ya kila klipu, wewe unakata na kupanga ukitumia hizo nyepesi, halafu wakati wa kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, inarudi kwenye klipu halisi. Shotcut na Kdenlive zote zinayo. Kwa mashine kama yako, hiyo ndiyo tofauti ya kumaliza kazi kwa saa mbili na kumaliza kesho.

Sasa simu. Weka 1080p, siyo 4K. Kwenye aina ya video chagua H.264 hata kama simu inapendekeza H.265. Hiyo ya pili inabana nafasi lakini inaitesa kompyuta wakati wa kuhariri. Hesabu ya nafasi ni nyepesi: video ya megabiti 16 kwa sekunde ni megabaiti 2 kwa sekunde, yaani 120 kwa dakika. Mahojiano ya dakika 20 ni karibu GB 2.4.

Mwaka wangu wa kwanza nilimhoji bwana mmoja ofisini, chini ya taa za mirija. Kwenye kioo kidogo cha simu kila kitu kilionekana safi. Nyumbani, kwenye kompyuta, mistari ya giza ilikuwa inapanda ukutani taratibu, fremu hadi fremu, mpaka juu ya kipara chake. Ikabidi nirudi kumwomba tena, na safari hii alinipa dakika tano tu. Sababu ni umeme wetu wa 50 Hz: taa za namna hiyo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na shata ya simu, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, ilikuwa haiendani nazo. Dawa ni kuweka shata 1/50 au 1/100 kwenye hali ya Pro ya kamera ya simu, na fremu 25 kwa sekunde kama simu inaruhusu. Uingereza nao umeme wao ni 50 Hz na televisheni yao ni fremu 25, kwa hiyo mwalimu hatakushangaa. Simu isiyoruhusu kuchagua, kaa karibu na dirisha na zima taa.

Simu ina tabia nyingine: haishiki idadi moja ya fremu, inapanda na kushuka kufuatana na mwanga. Ukihariri klipu ndefu utaona midomo imetangulia sauti. Ipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadili video, chagua fremu za kudumu, ndipo uiingize kwenye programu.

Baada ya mashine, hela iende kwenye sauti. Nunua maiki ndogo ya kubana kwenye shati, yenye waya. Ukiwa dukani tazama ncha ya plagi kabla hujalipa. Maiki ya simu ina mistari mitatu myeusi, ya kamera ina miwili. Ya miwili ukiichomeka kwenye simu bila kiunganishi, simu itaendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani na wala haitakwambia. Kama simu yako haina tundu la duara, uliza ya USB-C. Halafu hedifoni za waya, za kufunika sikio, na usirekodi kitu bila kuzivaa. Kibaigwa mko barabarani, malori ya Dar yanapita usiku na mchana, na wewe umeshayazoea hadi huyasikii. Maiki haijayazoea. Rekodi sauti ya masimulizi chumbani, magodoro yameegemezwa ukutani na blanketi limefunika mlango, na bati likianza kupigwa na mvua pumzika tu. Nje, upepo wetu wa kiangazi unahitaji sponji au kifuniko cha manyoya juu ya maiki. Kwenye kipimo, sauti ikipanda sana iguse desibeli -12. Ngoma za muheme, zile za akina mama wa Kigogo, zitakutoroka kiwango hicho pigo la kwanza, kwa hiyo waombe akina mama wapige kwa nguvu zote kwanza, upime, ndipo uanze kurekodi.

Memori kadi na flashi, zipime siku hiyo hiyo uliyonunua. Programu ya H2testw inajaza kadi yote na kuisoma tena. Kadi feki iliyoandikwa GB 128 inaweza kuwa na 8 tu ndani, na haikwambii mpaka imeshameza harusi ya watu. Jambo jingine dogo: flashi iliyoumbizwa (kufomatiwa) kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Mimi niliwahi kuacha kazi inajinakili usiku, alfajiri nikaikuta kompyuta imekataa, na bodaboda yuko nje anapiga honi. Iumbize exFAT kabla haijawa na kitu ndani. Na kila kazi iwe na nakala tatu, moja iwe nje ya nyumba yako.

Mtandao upime, tena upime kupakia, siyo kupakua, maana matangazo yote ni ya kupakua. Pima asubuhi, jioni na usiku wa manane, kwa laini mbili za mitandao tofauti, uandike kwenye daftari. Filamu ya dakika tano ukiirenda 1080p kwa megabiti 8 itakuwa karibu MB 300. Kasi ya kupakia ikiwa megabiti 2, hiyo ni kama dakika 20 endapo mtandao hautayumba, na utayumba. Darasa la moja kwa moja linaweza kula karibu GB 1 kwa saa ukiwasha kamera yako. Waulize kama vipindi vinarekodiwa, uvipakue kwa bando la usiku. Klipu usizihamishe kwa WhatsApp kama video, inazikamua. Zitume kama dokumenti.

Saa. Wakiandika 8:00 pm usiisome kwa Kiswahili ukadhani ni saa nane. Na Septemba Uingereza wako nyuma yetu saa mbili, lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa zao nyuma, tofauti inakuwa saa tatu hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Kipindi kilichokuwa saa kumi jioni kitahamia saa kumi na moja, na hakuna atakayekukumbusha, kwao hakuna kilichobadilika. Kazi inayotakiwa 23:59 kwao, kwako ni saa saba na dakika 59 usiku wa kuamkia siku inayofuata, na baada ya mabadiliko hayo ya Oktoba ni saa nane na dakika 59. Usiitegemee saa hiyo, umeme ukikatika huna wa kumwamsha.

Kama unakitaka cheti hiki kwa ajira ya serikali, waulize NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, kuhusu kutambuliwa kwake kabla hujatuma ada.

Agosti isiishe hujafanya jaribio moja kamili. Nenda sokoni hapo kwenu, mtafute mshonaji wa magunia ya mahindi. Piga sindano inavyozama na kutoka, mikono, uso wake, umhoji kwa maiki, hariri dakika mbili, renda, pakia, halafu ishushe tena uitazame kwenye mashine ya mtu mwingine. Panapokwama ndipo pa kuniuliza.

Kwa leo fungua CPU-Z, piga picha kurasa zile mbili, Memory na SPD, unitumie. Nitakwambia kipande gani cha RAM ununue, ili kaka yako asitoe hela mara mbili.