Kubadilisha kopo la oili ya pawa stelingi kwenye BMW E46

Pampu ya pawa stelingi ikianza kulia unapokata kona, mafundi wengi hukimbilia kutaja pampu mpya. Kwenye BMW E46 za petroli zenye silinda 6 (320i, 323i, 325i, 328i na 330i), anza na kopo la oili. Chini kabisa ndani ya kopo kuna wavu wa filta ulioundwa pamoja na plastiki yenyewe. Hautoki, na ukijaribu kuuosha uchafu unabaki ndani. Wavu ukiziba, pampu inavuta oili kwa shida, inapiga kelele, na ukiiacha hivyo inakufa kweli. Kopo jipya ni bei ndogo sana ukilinganisha na pampu, na kazi ni ya saa 2 au 3 kwa mwenye spana za kawaida.

Kama tatizo lako ni kuvuja, kwanza hakikisha kinachovuja ni kopo. Limekaa upande wa kushoto wa injini, juu ya altaneta, hata kwenye gari za usukani wa kulia zilizotoka Japani. Palepale jirani kuna nyumba ya oili filta ya injini, na gasketi yake ina sifa mbaya ya kuvuja. Oili zote mbili zinadondokea sehemu moja, na watu wamebadilisha kopo bure kwa sababu hiyo. Pangusa kwa tishu nyeupe: nyekundu ni ATF (oili ya gia otomatiki, hutumika pia kwenye stelingi), kijani ni CHF (oili maalumu ya haidroliki), nyeusi ni ya injini. ATF iliyochoka nayo hugeuka kahawia, kwa hiyo ukibaki na shaka futa eneo lote likauke, tembeza gari siku 2, kisha chungulia tena kwa tochi.

Kopo lenyewe huvuja sehemu tatu. Ya kwanza ni kifuniko: oringi yake (mpira wa duara wa kuzibia) ikiwa mpya ni ya mviringo, ya zamani inakuwa bapa na ngumu, na oili inapanda polepole na kulowesha kopo kuanzia juu. Ya pili ni kwenye klempu za mipira (hosi) miwili ya chini. Klempu za kiwandani hubanwa mara moja tu. Mpira ukikakamaa kwa joto, klempu haina namna ya kuufuata. Ya tatu ni plastiki kupasuka. Ikiwa ni oringi peke yake na pampu haipigi kelele, badilisha oringi na uishie hapo.

Kabla ya kwenda dukani, soma kifuniko. Kimeandikwa ATF au CHF 11S, na hizo mbili hazichanganywi hata kidogo. Gari ya mkononi inaweza kuwa imevalishwa kifuniko cha gari nyingine, kwa hiyo linganisha maandishi na rangi ya oili iliyomo ndani. Ya ATF inatumia Dexron III. Nunua lita 2, kwa sababu mfumo unabeba takriban lita 1 na inayobaki ni ya kusukuma ile chafu itoke. Ongeza kopo, oringi, klempu za skrubu, na mipira yote miwili ikiwa ukiiminya haibonyei. Mpira uwe wa oili. Mpira wa maji ya rejeta utavimba na kulainika baada ya muda mfupi.

Fanya kazi injini ikiwa imepoa. Inua magurudumu ya mbele kwa jeki, weka stendi mbili, na uweke vigingi kwenye magurudumu ya nyuma. Toa nyumba ya eakilina (filta ya hewa): bolti 2 za namba 10, soketi ya sensa ya hewa, na klempu ya bomba la hewa. Ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa safi. Funika altaneta kwa mfuko wa plastiki na matambara. Oili ikiingia ndani yake utakuwa umejinunulia tatizo la pili. Osha vumbi lote kwenye kopo kabla ya kugusa kifuniko, maana chembe ya mchanga inayoingia hapo inakwenda moja kwa moja kwenye pampu.

Nyonya oili kwa bomba kubwa la sindano hadi kopo libaki tupu. Legeza bolti ya mshipi unaolishika, linyanyue kidogo upate nafasi, kisha kata sikio la klempu (ile sehemu iliyobanwa ikatokeza) kwa koleo ya kukatia. Usivute mpira kwa nguvu. Uzungushe kwanza ubanduke, ndipo uvute. Weka alama: mpira mnene unakwenda kwenye pampu, mwembamba unarudisha oili kutoka kwenye stelingi reki (mtambo unaogeuza magurudumu). Mabomba yenye presha kubwa yako upande mwingine wa pampu, na kazi hii haiyahusu.

Oili chafu iliyobaki ndani ya reki itoe sasa. Funga kopo jipya kwenye mshipi, unganisha mpira mnene, ziba kwa kizibo pua ya kopo ya mpira mwembamba, na mpira wenyewe uelekeze kwenye chupa. Jaza kopo, kisha injini ikiwa imezimwa zungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho huku mwenzako akiongeza oili. Kopo lisikauke hata mara moja. Oili ikitoka safi, rudisha mpira mahali pake.

Kaza klempu mpaka mpira uanze kubonyea, halafu simama. Pua ya kopo ni plastiki, ukizidisha inapasuka. Klempu ya mpira mnene ipe uangalifu wa ziada, kwa sababu upande huo unavuta: ikilegea unaweza usione hata tone chini, lakini hewa inaingia na oili inageuka povu kama maziwa.

Kutoa hewa kunahitaji subira. Injini ikiwa bado imezimwa na magurudumu yakiwa hewani, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara 10 au zaidi, ukiongeza oili, mpaka mapovu yaishe. Rudisha eakilina, washa injini, rudia mara 2 au 3. Usishikilie usukani ukiwa umefika mwisho zaidi ya sekunde 5, presha inapanda sana na oili inachemka. Zima, kisha pima kwa kijiti cha kifuniko: iwe kati ya MIN na MAX. Ukizima injini na oili ikaruka juu ghafla, hewa bado imo. Iache saa 1 itulie, rudia.

Usijaze kupita MAX. Oili ikipata joto inapanuka na kutokea kwenye kifuniko, na utadhani kopo jipya ni bovu.

Baada ya siku 2 pima tena na upitishe kidole chini ya klempu zote mbili. Pampu ikiendelea kulia wakati oili ni safi na haina povu, hapo ndipo uanze kuishuku yenyewe.