Butch na Sundance: picha ya makauboi isiyochuja

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu ya waliotangulia. Unasema uliitafuta Butch Cassidy and the Sundance Kid ya mwaka 1969 kwa sababu wazee wanaisifu, ukaiangalia mpaka mwisho, na ulichokiona ni majambazi wawili wanaokimbia huku wanabishana. Sasa unauliza watu wanarudia nini humo. Jibu langu ni hicho hicho ulichokiona: wanakimbia na wanabishana. Nitaeleza kwa urefu, maana naipenda picha hii kuliko zote za makauboi na nimekuwa nayo tangu enzi za kanda za VHS.

Kumbuka picha za makauboi tulizokulia. Steringi ni mmoja. Maneno machache, hakimbii, hakosi shabaha. Pembeni yupo rafiki steringi, ambaye kazi yake ni kupigwa risasi kabla picha haijaisha ili mwenzake apate sababu ya kulipiza kisasi. William Goldman, aliyeandika muswada huu, aliwaleta wawili ambao hakuna aliye mdogo kwa mwenzake. Butch ana akili na mdomo, Sundance ana bastola. Kila mmoja anajua kwamba bila mwenzake hafiki mbali, na kwa saa moja na dakika hamsini hakuna anayelitamka hilo hata mara moja.

Mara ya kwanza niliiangalia kwa mjomba wangu Tanga, sebule imejaa, wengine wamesimama dirishani. Watu waliguna kweli kweli. Steringi gani huyu anakimbia? Miaka mingi baadaye nikaja kusoma alivyosimulia Goldman mwenyewe, kwamba mkubwa mmoja wa studio alikuwa tayari kuununua muswada kwa sharti kwamba hawa wawili wasikimbilie Amerika ya Kusini, kwa sababu John Wayne hakimbii. Goldman akamjibu kwamba ndivyo walivyofanya kweli. Mkubwa hakutaka kusikia. Mwishowe muswada uliuzwa kwa dola 400,000, bei ambayo haikuwahi kulipwa kwa muswada wowote Hollywood hadi wakati huo.

Na kweli walikimbia. Butch halisi aliitwa Robert LeRoy Parker, mzaliwa wa Beaver, Utah, mwaka 1866. Sundance alikuwa Harry Longabaugh wa Pennsylvania. Genge lao lilivamia treni ya Union Pacific kule Wilcox, Wyoming, Juni 1899, na karani wa sefu aliyegoma kufungua mlango wa behewa aliitwa Woodcock kama kwenye picha. Mwaka 1901 walipanda meli New York pamoja na mwanamke aitwaye Etta Place, wakaenda Argentina, wakafuga ng'ombe kwa miaka kadhaa huko Cholila. Filamu imeruka Argentina yote na kuwapeleka moja kwa moja Bolivia. Nisingemlaumu mwongozaji, George Roy Hill, kwa hilo, kwa sababu miaka ya ufugaji ingevunja mbio za hadithi yake.

Sasa tuje kwenye huo msako unaokuchosha. Wanasimamisha treni kwa mara ya pili, Butch anaweka baruti nyingi kupita kiasi, behewa zima linasambaratika na noti zinapeperuka angani. Wakiwa bado wanaokota hela, inatokea treni nyingine, mlango unafunguka, wapanda farasi wanaruka nje. Kuanzia hapo ni karibu nusu saa ya kukimbizwa, na hatuoneshwi uso wa hata mmoja wa wanaowakimbiza. Tunaona vumbi kwa mbali. Usiku tunaona taa ndogo zinazofuata nyayo bila kupotea. Conrad Hall, aliyeshika kamera, alipata Oscar kwa kazi hii, na sehemu hii peke yake inatosha kueleza kwa nini: jua limeachwa likachoma picha hadi rangi zikafifia, na watu wamekuwa nukta kwenye miamba.

Wanajaribu kila ujanja. Wanajificha ghorofani, wanapanda wawili farasi mmoja na kumwachia wa pili aende zake, wanapita kwenye majabali ambako kwato haziachi alama. Haisaidii. Wanakwenda kwa sherifu mzee wanayefahamiana naye kuomba waingizwe jeshini, naye anawaambia usoni kwamba zama zao zimekwisha, watakufa kwa damu, na hiari iliyobaki ni ya kuchagua mahali tu. Mimi naona hapo ndipo picha inapoacha kuwa ya ujambazi. Tajiri wa reli, Harriman, anatumia pesa nyingi kuwasaka kuliko walizomwibia, na Butch analalamika kwa dhati kabisa kwamba huo ni upuuzi wa kibiashara. Hajaelewa kwamba hesabu za dunia zimebadilika. Baiskeli imeshafika mjini, sefu zimekuwa nzito, na habari zinakimbia kwa waya wa simu kuliko farasi yeyote.

Angalia sasa wanavyozungumza muda wote huo. Hakuna anayesema anaogopa. Wanaulizana tena na tena hao jamaa ni kina nani. Wanalaumiana. Wanafika ukingoni mwa jabali, mto unaunguruma chini, risasi ziko nyuma, na Sundance hataki kuruka. Anataka kupigana. Butch anamsihi, anakataa, anasihiwa tena, mpaka anapiga kelele kwa aibu na hasira kwamba hajui kuogelea. Yule ambaye watu wazima wakisikia jina lake wanaacha karata mezani! Na Butch anacheka mpaka anakaribia kuanguka, kisha anamweleza kwamba asijali kuogelea, kuanguka kwenyewe pengine kutawaua. Wanaruka.

Nimeendesha malori ya mizigo kwa miaka mingi njia ya Dar hadi Tunduma, na muda mrefu nilikuwa na dereva mwenzangu mmoja tukipokezana usukani. Siku breki zilipoanza kutusaliti tukishuka Kitonga tulibishana njia nzima nani alipaswa kuzikagua Iringa. Tulitukanana. Mikono yake ilikuwa inatetemeka na yangu pia, na hakuna aliyeitaja. Tulipofika chini salama aliniuliza kama nimebakiza sigara. Ndiyo maana kile kicheko cha jabalini mimi hakinichoshi. Wanaume wengi niliowajua hupeana moyo kwa utani, na ni filamu chache sana zilizowahi kuupata utani huo bila kuugeuza kuwa hotuba.

Kuna mtu hapo juu ameandika kwamba Etta hana kazi humo. Sikubaliani naye. Mrudie asubuhi ile ya baiskeli, Butch anamzungusha shambani na wimbo wa Burt Bacharach na Hal David unapigwa. (Robert Redford, aliyecheza Sundance, alisimulia baadaye kwamba aliona wimbo huo wa mvua hauna maana pale, maana mvua yenyewe haikuwepo. Ukachukua Oscar.) Etta ni mwanamke wa Sundance, na anamuuliza Butch kama wangekutana wao kwanza ingekuwaje. Butch analigeuza swali kuwa mzaha. Sundance anatoka nje na kuuliza anafanya nini, anajibiwa kwamba anaibiwa mwanamke wake, naye anasema mchukue. Picha nyingine ingechimba ugomvi hapo. Hawa wanaaminiana kiasi kwamba jambo linaishia palepale, nasi tunalielewa bila kuambiwa.

Kisha Etta huyo huyo ndiye anayeijua saa. Kabla hawajasafiri anasema atawapikia, atawafulia, atafanya lolote, isipokuwa hatabaki kuwaangalia wakifa. Bolivia, usiku mmoja, anasema anafikiri atarudi nyumbani. Hakuna kilio. Wanaume wawili wanapokea taarifa hiyo, na mtazamaji aliyemsikia mwanzoni anajua kilichosemwa hasa.

Bolivia kuna jambo jingine ambalo wengi wanalipita. Wanaamua kuacha wizi na kupata kazi halali, wanakuwa walinzi wa mishahara ya mgodi. Siku ya kwanza tu mwajiri wao anapigwa risasi na majambazi. Wanapowafuata kuzirudisha zile fedha, Butch anamweleza mwenzake kwamba hajawahi kumpiga mtu risasi maishani. Jambazi mashuhuri, na damu yake ya kwanza anaimwaga akiwa mlinzi. Hill amewaangusha wale watu polepole, na sauti zao zinakaa masikioni. Hakuna ushindi pale. Mpaka leo sijaona picha ya makauboi iliyosema jambo hilo kwa maneno machache hivyo.

Mwisho unaujua. Wamezingirwa, wamejeruhiwa wote wawili, na Butch anaanza kumshawishi mwenzake waende Australia. Sundance anauliza maswali ya mtu aliyechoka na mipango, lakini anauliza. Ndipo Butch anamuuliza kama huko nje amemwona Lefors, yule mfukuzaji wa kofia nyeupe. Hajamwona. Butch anashukuru, maana alidhani wako matatani. Wanatoka mbio, picha inaganda, milio ya risasi inaendelea. Sisi tuliolelewa na kanuni kwamba steringi hafi tulipewa kitu kigumu zaidi: tunajua kilichotokea na hatuoneshwi. Sebuleni kwa mjomba wapo walioapa kwamba walitoroka. Hata Bolivia yenyewe haikumaliza ubishi, kwa kuwa mwaka 1991 walifukua kaburi kule San Vicente, mahali wanaposemekana kuuawa Novemba 1908, na mifupa haikuwa yao.

Waigizaji pia wamechangia picha isichuje. Paul Newman, aliyecheza Butch, alikuwa nyota mkubwa, Redford bado hajafika huko, na studio ilitaka jina kubwa zaidi. Newman alikubali kugawana nafasi sawa, na unaliona hilo kila wanaposimama pamoja: hakuna anayemziba mwenzake. Urafiki wao ulidumu. Redford aliwahi kumpelekea Newman zawadi ya kutimiza miaka 50, Porsche iliyogongwa na kuwa skrepa, imefungwa utepe. Newman akaisagisha ikawa bonge la chuma na kulirudisha ndani ya nyumba ya Redford. Redford akalipeleka kwa mchongaji, akalitua bustanini kwa Newman. Hawakuwahi kulizungumzia. Redford aliipa taasisi yake ya filamu jina la Sundance mwaka 1981, na Newman akaanzisha kambi ya watoto wagonjwa kule Connecticut kwa jina la genge la kwenye picha, Hole in the Wall. Newman alifariki 2008, Redford Septemba 2025, na siku ile nilimpigia simu yule dereva mwenzangu kabla sijamaliza kusoma habari.

Ina mapungufu. Muziki wa sehemu ya Amerika ya Kusini umezeeka vibaya, na Wabolivia wamepewa kazi ya kuogopa na kufyatua tu, hakuna hata mmoja tunayemjua kama mtu. Hilo linaniudhi zaidi kila ninapoirudia.

Kwa wale wanaosema The Sting ya 1973 ni bora, kwa kuwa mwongozaji ni yule yule, waigizaji ni wale wale na ilichukua Oscar ya filamu bora: imeshonwa vizuri zaidi, nakubali. Ila kule urafiki unatumikia mtego, huku hadithi nzima inatumikia urafiki. Wewe mkuu usiirudie yote. Anza pale behewa linapolipuka, ishie wanaporuka mtoni, uangalie na mtu mnayetaniana naye, na usikilize tu nani anauliza na nani anajibu. Kisha rudi hapa utuambie.