Uliza Maabara: Leza, seli hai na vimelea vya malaria

Chembe zinapasuka nikizitazama

*Nasomea shahada ya uzamili hapa Kisumu. Nakuza vimelea vya malaria, Plazimodiamu falsiparamu, vilivyotiwa protini ya kijani ing'aayo. Nikiviweka chini ya hadubini ya konfokali, ile ya leza inayopiga picha tabaka moja jembamba, na kupiga picha kila sekunde tano, dakika chache tu chembe nyekundu za damu zinapasuka na vimelea vinaganda. Msimamizi wangu anasema ni bakteria wameingia kwenye chombo. Mimi nashuku leza. Nitajuaje?* – Mwanafunzi, Kisumu

Utajua leo leo. Ukimaliza kupiga picha, usitoe sahani. Sogeza jukwaa milimita mbili tatu, hadi mahali ambapo leza haijapita, utazame kwa taa ya kawaida. Kisha rudi pale ulipokuwa ukipiga picha, upunguze ukuzaji ili uone eneo pana. Kama chembe zilizopasuka zimejipanga kwenye mraba na nje ya mraba huo kila kitu ni kizima, hiyo ni leza. Bakteria hawachori mraba. Ila kwa heshima ya msimamizi wako, paka pia slaidi moja kutoka chombo kilekile kwa Giemsa, rangi ya kuonyesha vimelea na bakteria. Bakteria wakiwepo utawaona, na mara nyingi maji ya kukuzia yatakuwa yameanza kuwa na ukungu.

Sisi tunaiwekea leza dau, na sababu iko ndani ya kimelea chenyewe. Kimelea hula himoglobini, protini nyekundu ya damu, na mabaki yake huyageuza kuwa fuwele za rangi ya hudhurungi ziitwazo hemozoini. Fuwele hizo hunyonya mwanga wa leza na kupata moto kwa ghafla. Maji yanayozizunguka yanaweza kugeuka kiputo cha mvuke, na kiputo kikipanuka utando wa chembe hauvumilii. Ndiyo maana vimelea vichanga vya umbo la pete hustahimili zaidi kuliko vile vya saa 36 au 40, vilivyokwisha kujaza fuwele. Angalia kama zinazopasuka kwako ndizo zenye doa jeusi katikati.

Sasa hesabu. Tuseme leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 488 inafika kwenye sampuli ikiwa na nguvu ya mikrowati 50, kiasi kinachoonekana kidogo mno. Lakini lenzi imeikusanya kwenye doa la upana wa mikromita 0.4 hivi. Ukigawanya, unapata takriban wati 40,000 kwa kila sentimita mraba. Jua la saa sita mchana hapo Kisumu ni kama wati 0.1 kwa eneo hilohilo. Kila nukta ya picha hupigwa kwa mikrosekunde moja au mbili tu, na hilo ndilo linaloiokoa seli. Ukirudia kila sekunde tano kwa nusu saa, umeipiga mara 360.

Kwa hiyo anza kwa kupima. Kompyuta inakuandikia asilimia 2, lakini asilimia 2 ya nini? Leza huchakaa, nyuzi za kupitishia mwanga husogea, na asilimia 2 ya mwaka jana si ya leo. Tumia kipima-nguvu cha leza, ukiweka lenzi kavu ya ukuzaji wa 10. Usipime juu ya lenzi ya mafuta bila mafuta: mwanga wa pembezoni hurudi ndani ya kioo na kipimo hutoka kidogo kuliko ukweli. Kipimo cha lenzi ya 10 si nguvu halisi chini ya lenzi ya 100, lakini kinatosha kulinganisha siku na siku.

Kisha shusha leza hadi picha iwe mbaya, uipandishe kidogo hadi uweze kutofautisha unachokitafuta. Ukiona picha inapendeza, umeshapitiliza. Fungua kile kitundu cha konfokali, kinachozuia mwanga wa nje ya tabaka unalolitazama, kutoka kipimo cha 1 hadi 1.5 au 2: utapoteza wembamba wa tabaka kidogo, ila utavuna mwanga mwingi zaidi kwa leza ileile. Nukta za picha zisiwe ndogo kuliko mikromita 0.1 hivi, kwa sababu lenzi bora yenye NA (kipimo cha upana wa pembe ambayo lenzi hukusanya mwanga) ya 1.4 haitofautishi vitu vilivyokaribiana chini ya mikromita 0.22 kwa mwanga wa kijani. Nukta za mikromita 0.05 hukupa faili kubwa na kipimo cha mwanga mara nne, basi. Na ule mtindo wa kupiga mstari mmoja mara nne ili kupata wastani, uache kwa seli zilizokufa na kukaushwa.

Swali la kujiuliza mapema ni hili: kitu unachokifuata huchukua muda gani? Ukuaji wa pete hadi kimelea kizima hauhitaji picha kila sekunde tano. Kila dakika kumi inatosha. Kimelea kuingia kwenye chembe mpya huisha ndani ya dakika moja au pungufu, kwa hiyo hapo unahitaji kasi. Lakini usiwashe leza unaposubiri. Subiri kwa taa ya kawaida yenye chujio jekundu, juu ya nanomita 600, na washa leza chembe mama inapoanza kupasuka yenyewe.

Maji ya kukuzia nayo yana makosa yake. RPMI ya kawaida, maji yanayotumika sana kukuzia seli, ina fenoli nyekundu, rangi ya kuonyesha uchachu, ambayo hung'aa na kukulazimisha upandishe leza. Nunua isiyo nayo. Ina pia raibofulavini, vitamini ile ya B2, ambayo ikipigwa mwanga wa bluu huzalisha oksijeni kali na kufifisha protini ya kijani haraka. Weka HEPES milimola 25 ili uchachu usibadilike sahani ikiwa nje ya kabati la joto. Gesi iwe oksijeni asilimia 5, kaboni dioksidi 5 na naitrojeni 90. Watu hulegeza sharti hilo wakifika kwenye hadubini, eti ni saa moja tu. Oksijeni ya hewa ya kawaida ni asilimia 21, na inamuumiza kimelea moja kwa moja pamoja na kuchochea madhara ya mwanga.

Usihesabu mafanikio kwa kuona kimelea kikitikisika. Weka visima vitatu: kimoja kisichopigwa leza kabisa, cha pili chenye vimelea visivyo na protini ya kijani lakini vinapigwa leza, cha tatu chako cha kawaida. Rudisha vyote kwenye kabati, uhesabu vimelea vilivyokamilisha mzunguko wa saa 48 na kuingia chembe mpya. Cha tatu kikianguka mbali na cha kwanza, matokeo yako yanaeleza habari za leza, si za malaria.

Mwanga unashika kitu?

*Nafundisha fizikia shule ya upili Nakuru. Niliwaambia wanafunzi kwamba mwanga unaweza kushika seli na kuihamisha, wakacheka. Nipeni hesabu ya kuwanyamazisha.* – Mwalimu, Nakuru

Mwalimu, wapeni kwanza jina: Arthur Ashkin, wa Bell Labs kule Marekani. Mwaka 1986 yeye na wenzake walionyesha kwamba mwale mmoja wa leza uliokusanywa barabara unaweza kushika punje ndogo ndani ya maji. Mwaka uliofuata alishika virusi na bakteria hai. Nobeli ya fizikia ilimfikia 2018, akiwa na miaka 96.

Hesabu ni hii. Mwanga una kani ya mwendo. Ukipinda ndani ya seli, seli inasukumwa upande wa pili, na kwa sababu katikati ya miale ndiko kwenye mwanga mwingi, msukumo wa jumla unairudisha seli katikati. Chukua miliwati 100 ndani ya maji: 1.33 (kipimo cha maji kupinda mwanga) zidisha kwa wati 0.1, gawanya kwa milioni 300 (mwendo wa mwanga, mita kwa sekunde), unapata pikonyutoni 440 hivi; pikonyutoni ni nyutoni moja iliyogawanywa kwa trilioni. Sehemu inayogeuka kuwa mshiko halisi ni kama moja ya kumi, yaani pikonyutoni 44. Uzito wa chembe nyekundu ndani ya maji, ukishatoa ueleaji, haufiki pikonyutoni 0.1. Wacheke sasa.

Mambo mawili yanaharibu jaribio. La kwanza ni rangi ya leza. Ashkin alianza na kijani na bakteria wake wakaungua, akahamia infraredi ya nanomita 1064, ambayo maji na himoglobini huinyonya kidogo. Hata hivyo miliwati 100 hupandisha joto la maji kwa karibu nyuzi moja pale kwenye doa. La pili ni kina. Lenzi ya mafuta hushika vizuri karibu na kioo. Ukizama mikromita 20 ndani ya maji mshiko hulegea, kwa kuwa mafuta na maji hupinda mwanga tofauti. Lenzi ya kuzamishwa majini yenye NA ya 1.2 ndiyo dawa, pamoja na kioo cha kufunikia cha unene wa milimita 0.17, si chochote kilichobaki kabatini.

Na kama wataka mfano wa karibu na nyumbani: huko Cambridge watafiti walitumia kibano hiki cha mwanga kuokota kimelea cha malaria kilichotoka tu kwenye chembe, wakakigusisha na chembe nyingine, halafu wakavuta kupima kilivyong'ang'ania. Nguvu ilikuwa karibu pikonyutoni 40. Kazi ya mbio, maana kimelea kikiwa nje hupoteza uwezo wa kuingia ndani ya dakika chache.

Kutoboa seli

*Je, leza inaweza kutoboa seli nikapitisha DNA?* – Njoro

Inaweza. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwa mapigo ya leza mafupi mno, ya femtosekunde, ya nanomita 800, wastani wa miliwati 50 hadi 100, kwa milisekunde 16 kwenye utando wa nje wa seli. Doa likikosea utando kwa mikromita moja hakuna kinachotokea. Nguvu ikizidi, kiputo kinaua seli. Unatoboa moja moja. Kama unataka seli milioni, tumia mshtuko wa umeme, ni rahisi na unafanya kazi.

Fokasi inahama, na lenzi ina utando

*Hadubini yetu ya leza inapoteza fokasi kila nusu saa. Lenzi mbili zimeota kitu kama utando wa buibui. Stima nayo inapotea ovyo.* – Fundi wa maabara, Kakamega

Fokasi inahamishwa na joto. Chuma kikipanuka kidogo tu, mikromita kadhaa zimekwenda. Washa kila kitu, pamoja na kabati la joto la jukwaani, saa mbili kabla ya kazi. Elekeza pua ya kiyoyozi mbali na hadubini, na usikizime usiku kuokoa bili: asubuhi hewa yenye unyevu inapokutana na vioo baridi ndipo shida ya pili inapozaliwa.

Utando huo ni kuvu. Unakula uchafu wa vidole na mabaki ya mafuta, na baadaye asidi yake huchimba rangi ya kinga ya lenzi. Kwa mvua za Kakamega, chumba kibaki chini ya asilimia 60 ya unyevu. Weka kipimo cha unyevu ukutani na mashine ya kukausha hewa. Lenzi zisizotumika zikae kwenye sanduku lisilopitisha hewa lenye silika ya kunyonya unyevu, ubadilishe silika ikigeuka rangi. Safisha mafuta kila jioni kwa karatasi ya lenzi, pigo moja kisha tupa. Pamba ya duka la dawa na pindo la koti la maabara hukwaruza. Kuvu lililokwisha kuchimba halitoki kwa kusugua.

Stima: betri ya akiba ibebe kompyuta na leza kwa angalau dakika 15. Leza ya gesi ya agoni hasa, feni yake lazima iendelee kuzunguka dakika kadhaa baada ya kuzimwa, la sivyo bomba linaweza kuharibika. Stima ikirudi, subiri itulie kabla ya kuwasha.

Kwa hospitali ya wilaya

*Tuna fedha za kifaa. Tununue konfokali ya kupimia malaria?* – Siaya

Hapana. Kupima malaria kunahitaji rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10, au asilimia 3 kwa dakika 30 hadi 45, maji yenye pH 7.2, lenzi ya mafuta ya 100, na mtu aliyefunzwa. Nunueni hadubini za kawaida za LED zenye betri.

Macho ya binti yangu

*Binti yangu anafanya kazi na leza chuoni Eldoret. Atapofuka?* – Mama, Eldoret

Mama, hadubini ya leza iliyofungwa vizuri haitoi miale nje, na kuitumia ni salama. Hatari huja pale kifuniko kinapofunguliwa ili kunyoosha miale. Muulize mambo mawili. Je, miwani yake imeandikwa namba ya leza anayotumia? Ya nanomita 532 haizuii 1064, hata iwe ya bei gani. Je, huvua saa na pete, ambazo huakisi miale, kabla ya kuingiza mkono? Leza ya 1064 haionekani, kwa hiyo jicho halifumbi kujikinga. Akihisi amepigwa jichoni aende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, hata kama hana maumivu, kwani retina haina mishipa ya kuhisi uchungu.