Mbwa wa kuhama naye: chipu kwanza, chanjo baadaye

SWALI: Mwishoni mwa Januari tunahamia Ujerumani na tunataka kwenda na mbwa wetu, jike wa kienyeji wa miaka mitatu. Alichanjwa kichaa cha mbwa mwezi Machi, na wiki iliyopita, Septemba hii, tumemwekea chipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi. Tumeambiwa sasa zimebaki karatasi tu. Ni kweli?
M.K., Kisasa, Dodoma

JIBU: Si kweli, na bahati nzuri umeuliza mapema. Umoja wa Ulaya hauitambui chanjo iliyotangulia chipu, kwa kuwa cheti kisicho na namba ya chipu kinaweza kuwa cha mbwa yeyote. Mpelekeni achanjwe upya wiki hii. Kabla ya sindano, daktari apitishe kisomeo shingoni na aandike tarakimu zote 15. Tarakimu moja ikikosewa, mbwa wenu atazuiwa uwanja wa ndege.

Tanzania haimo katika orodha ya nchi zilizosamehewa kipimo cha damu. Kwa hiyo subirini siku 30 kamili tangu chanjo, ndipo atolewe damu ya kupima kinga. Akitolewa siku ya 28, kipimo hakihesabiwi. Matokeo yawe angalau 0.5 ya uniti za kimataifa kwa mililita, kutoka maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Sampuli nyingi huharibikia njiani: damu nzima ikipata joto na kutikisika, chembe hupasuka na siramu, yaani majimaji ya damu yanayopimwa, hugeuka nyekundu. Mwombeni daktari atenganishe siramu hapohapo kliniki, kisha isafirishwe kwenye boksi la barafu.

Tangu siku ya kutoa damu, hesabuni miezi mitatu. Akichanjwa katikati ya Septemba, damu ni katikati ya Oktoba, na ruhusa ya kuingia ni katikati ya Januari. Mnawahi, lakini mkichelewa wiki mbili tu mtabanwa.

Cheti cha afya cha Umoja wa Ulaya kinasainiwa na daktari wa mifugo wa serikali, na mbwa awe amefika ndani ya siku 10 tangu kitolewe. Msikichukue mapema. Kiwe kwa Kiingereza na kwa lugha ya nchi mtakayotua kwanza. Mkipitia Amsterdam, ukaguzi ni huko, si Ujerumani. Kibali cha kumtoa nchini kinatoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na ninyi mna nafuu kwa kuwa wizara iko hapo Mtumba. Mmoja wenu asafiri naye, au apishane na mbwa kwa siku zisizozidi tano.

Tundu la kumsafirishia mbwa lipimeni kwa futi ya fundi cherehani, mbwa akiwa amesimama. Tuseme pua hadi shina la mkia ni sm 70, na kiwiko cha mguu wa mbele hadi chini ni sm 36: urefu wa ndani ni 70 na nusu ya 36, yaani sm 88. Upana ni mabega mara mbili. Kimo ni hadi ncha ya masikio yaliyosimama, pamoja na unene wa tandiko. Vipande vifungwe kwa bolti za chuma, magurudumu yatolewe, hewa ipite pande zote nne. Nunueni sasa, alale humo kila usiku. Bakuli la maji ligandisheni: barafu huyeyuka polepole wala haimwagiki wakati wa kupakia.

Kwenda Dar es Salaam, kodini gari na muondoke usiku. Joto la mchana baada ya Morogoro linamchosha kabla hajaiona ndege.

SWALI: Pagi wangu, mbwa mdogo wa pua fupi, ana hofu sana. Nimpe dawa ya usingizi kabla ya kupanda ndege?
Msomaji, Area D

JIBU: Usimpe. Dawa hizo hushusha shinikizo la damu na kudhoofisha upumuaji, ilhali mbwa hujipoza kwa kuhema. Pagi tayari ana njia nyembamba ya hewa. Mashirika mengi hukataa mbwa wa pua fupi kwenye shehena, kwa hiyo uliza kabla hujakata tiketi, na upewe jibu kwa maandishi.